Je, Mwislamu Aweza Kuacha Nyama kwa Ajili ya Afya Yake?

 

Mwezi huu nimeona niyaweke kando mazungumzo ya adabu za watoto niliyokuwa nikiyaendeleza katika ukurasa huu, kwani nimeulizwa swali moja na watu wanne mbalimbali, wawili wa hapa Kibiti na wawili wa upande wa visiwani, na katika swali hilo mimi mwenyewe nina deni. Swali ni hili: mtu aliyepatwa na maradhi ya sukari au ya presha, akaambiwa kuwa dawa yake ni kuacha nyama na kula nafaka, mboga na matunda tu, je, aweza kufanya hivyo bila ya kuingia katika kosa la kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu? Na je, ni kweli kuwa atapata afya?

Sehemu ya kwanza ni nyepesi. Katika sura ya Al-Maida, aya ya 87, waumini wamekatazwa kujiharimishia vitu vizuri walivyohalalishiwa. Na sura ya At-Tahrim yaanza kwa habari ya Bwana Mtume (s.a.w.) alipojizuilia kitu cha halali kwa kutaka radhi za wakeze, na katika Bukhari imepokewa kuwa kitu hicho kilikuwa ni asali. Basi kuharimisha kumekatazwa. Lakini kuacha kula si kuharimisha. Mtume wetu aliwekewa mbele yake mnyama wa jangwani afananaye na kenge, akarudisha mkono wake, akaulizwa kama ni haramu, akasema si haramu ila hapatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki, na Khalid bin Walid (r.a.) akamvuta mnyama yule akamla, na Mtume anatazama. Ndiyo kusema mtu aweza kuacha chakula kwa sababu yake, na jirani yake akakila, wala pasiwe na aliyekosa kati yao. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu akitamka kwa ulimi wake kuwa chakula fulani ni haramu kwake, maneno hayo hayakigeuzi chakula kikawa haramu.

Kwa hiyo asemaye, "Mimi sili nyama kwa kuwa daktari amenikataza," huyo hana kosa. Mwenye kosa ni yule asemaye kuwa nyama ni uchafu, au ajionaye mtakatifu kuliko wenziwe kwa ajili ya kunde zake. Na mwenye kosa pia ni yule amchekaye mgonjwa katika karamu, akamwambia kuwa ameingia dini ya wasiokula nyama.

Sehemu ya pili, yaani kama atapata afya au hatapata, ndiyo yenye mashaka, na hapo ndipo nilipokosea mimi.

Mwaka jana, katika mwezi wa Rajab, ndugu mmoja wa mtaani kwetu, mfanya biashara ya ufuta na mpunga, alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa amepimwa na kuambiwa kuwa ana sukari na presha. Alipewa vidonge vya maradhi yote mawili. Lakini katika basi, wakati wa kurudi, aliketi na mtu aliyemwambia kuwa vidonge ni utumwa wa maisha, na kuwa aachaye kila kitu chenye damu hupona ndani ya siku 40. Akaja akaacha nyama, akaacha samaki, akaacha mayai na maziwa, na vidonge akavitia katika sanduku. Tukawa twamwona katika karamu za harusi, sinia la biriani li mbele yake, asiguse ila wali wa pembeni. Baadhi ya watu wakamcheka. Mimi nikaona nimtetee. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, katika darsa, nikamtaja kuwa ni mfano wa mtu aliyeishinda nafsi yake, nikasema maneno mengi juu ya tumbo na matamanio, na watu wakaitika. Wala sikumwuliza hata mara moja: badala ya nyama unakula nini?

Miezi minne ikapita. Mwanzoni mwa Mfunguo Pili mkewe alikuja chuoni, watoto wakiwa wanafunga misahafu yao. Alisimama mlangoni, akanisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Maalim, wewe ndiye uliyemsifu mbele ya watu. Sasa njoo umtazame mguu."

Nilimkuta amelala ukumbini. Alikuwa amekanyaga msumari uwanjani kwake, wala hakusikia maumivu, kwani sukari ikizidi kwa muda mrefu huua hisi za miguu, na jeraha lilikuwa limekaa siku nyingi mpaka likaanza kunuka. Akanitazama, akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Maalim, mimi sijaonja nyama tangu Rajab. Sukari hii yatoka wapi?"

Nikamwomba anihesabie chakula chake cha siku moja. Asubuhi, maandazi matano na chai ya rangi vikombe viwili, kila kikombe vijiko vinne vya sukari. Adhuhuri, wali mweupe, sahani ya kujaa hata kumwagika, na maharage kidogo juu yake, na soda moja kwa ajili ya joto. Alasiri, muhogo wa kukaanga. Usiku, wali tena au chapati, na maji ya embe yaliyotiwa sukari. Na tende, akala kwa gao, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imepita na za zawadi zilibaki, naye aliona kuwa tende ni sunna haiwezi kumdhuru.

Wasomaji wapenzi, itazameni orodha hiyo. Hamna nyama ndani yake wala samaki. Vyote vyatoka ardhini: ngano, mpunga, muwa, mtende, muhogo, mwembe. Hata soda, ukiipekua, haina tone la damu. Mtu yule alikuwa ametimiza ahadi yake kwa ukamilifu, na huku akizidisha kile kile kilichokuwa kikimwua, maana tumbo lililokosa kitoweo lilidai kujazwa wali, naye akalijaza.

Wala madhara hayakumkalia yeye peke yake. Alikuwa amepiga marufuku samaki nyumba nzima, ili asipate harufu akatamani. Binti yake aliyekuwa na mimba ya miezi sita alikuwa akiona kizunguzungu, na kliniki walimwambia damu yake imepungua. Mjukuu wa miaka miwili alikuwa akinyweshwa uji wa unga mweupe na sukari, asubuhi na jioni. Nyumba ya watu saba ilikuwa imefungishwa saumu ya mgonjwa mmoja, na maalim wao alikuwa ameitilia muhuri.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa, na mguu ukasalimika, alhamdulillahi. Huko nilikaa siku tatu kwa zamu na jamaa zake, na muuguzi mmoja mwenye subira alinipa mafunzo ambayo naona ni haki yenu kuyapata. Mimi si tabibu, nimesoma chuo na shule ya msingi tu. Niyasemayo juu ya dawa ni ya kunukuu, na mwenye maradhi ayapeleke kwa wenyewe.

Kabla ya hayo, yafaa tukumbuke tulikotoka. Wazee wetu wa Rufiji hawakuwa walaji wa nyama. Nchi hii ilikuwa ya mbung'o, na ng'ombe hawakukaa. Bondeni walilima mpunga kwa maji ya mto, na maji yakishapungua walipanda mlau, mahindi na kunde na maboga katika udongo ulioachwa na mafuriko. Walikula ugali wa muhogo, kisamvu, mlenda, majani ya kunde, choroko, mbaazi, na samaki wa mtoni na kamba wa mikokoni. Nyama ilikuwa ya Idi, ya harusi na ya hitima. Kisha daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, barabara ikawa nzuri, na mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu wakaingia huku pamoja na ng'ombe wao. Sisemi haya kwa kuwalaumu wafugaji, maana riziki hugawanywa na Mwenyewe, na maziwa yao yanatufaa. Nasema tu kuwa leo, ukipita Kibiti asubuhi, nyama imetundikwa kando ya njia kila siku, na jioni viazi vinakaangwa katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, na kreti za soda zimefika mpaka vijiji visivyofikiwa ila kwa mtumbwi.

Na maradhi yamebadilika pamoja na chakula. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, jina lake Donnison, aliandika kuwa katika Kavirondo ya kusini, nchini Kenya, aliwalaza hospitalini wagonjwa wapatao 1,800 kwa muda wa miaka miwili, na hakumwona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Kule Uganda, Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji tangu mwaka 1946, na mwenzake Hugh Trowell, waliona kuwa watu waliokula nafaka zisizokobolewa, mizizi, kunde na majani hawakujua sana maradhi ya matumbo na ya moyo na ya sukari yaliyojaa Ulaya. Wakashika kuwa sababu kubwa ni makapi na nyuzinyuzi za chakula, zile tunazozitupa sisi tukitaka chakula kiwe cheupe. Walakini watu hao wa zamani walitembea kwa miguu, walilima kwa mkono, na chumvi yao ilikuwa kidogo, hivyo haifai kusema ni chakula peke yake. Sasa sikilizeni ya kwetu: uchunguzi uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa kama robo yao wana presha ya kupanda, na tisa katika kila mia wana sukari, na katika kila watu mia, 97 hawali mboga na matunda ya kutosha. Sisi tunaoishi kati ya mito na mashamba!

Basi kupunguza nyama na kurudia vyakula vya mimea ni jambo jema, na wala si la kigeni kwetu. Sayyidna Omar (r.a.), katika kitabu cha Muwatta cha Imamu Malik, aliwaonya watu kuwa nyama ina mazoea yake kama ulevi ulivyo na mazoea yake. Na alipomkuta Jabir bin Abdillahi akichukua nyama aliyoinunua kwa dirhamu kwa kuwa waliitamani tu, alimlaumu kwa kutojinyima kidogo kwa ajili ya jirani au mtoto wa ami yake. Na Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa miandamo mitatu ilionekana katika miezi miwili, wala moto haukuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula kilikuwa tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani. Lakini Mtume huyo huyo alikula nyama na alipenda ya mkono wa mbele. Na alipenda boga, akilifuata pembe za sahani. Hakuwa mtu wa kuacha kwa ajili ya kuacha.

Hadithi niliyoitafuta baadaye, na ambayo laiti ningaliisoma katika darsa ile mahali pa sifa zangu, imo katika Abu Dawud na Tirmidhi, imepokewa na Ummul-Mundhir, mwanamke wa Kiansari. Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Sayyidna Ali (r.a.), na Ali alikuwa ndiyo kwanza anainuka katika maradhi. Palikuwa na mashada ya tende yametundikwa. Mtume akala katika tende hizo. Ali naye akainuka ale, Mtume akamzuia, akamwambia yeye bado ni mdhaifu. Ummul-Mundhir akapika shayiri na mboga za majani, na Mtume akamwambia Ali ale katika hicho, kwani kinamfaa zaidi.

Nimeifikiri hadithi hii usiku mwingi. Tende zilikuwa halali, tena za baraka, na Mtume mwenyewe alikuwa akizila pale pale. Hazikuondolewa ukutani kwa ajili ya mgonjwa. Katazo lilimhusu mgonjwa peke yake. Wala mgonjwa hakuachwa na tumbo tupu apate kutafuta mwenyewe cha kujazia: alipikiwa chungu, tena chungu cha nafaka yenye makapi yake na majani mabichi. Ndugu yetu yule, katika mambo hayo, alikwenda kinyume kila hatua. Alizila tende kwa kuwa ni sunna, akaifungisha nyumba nzima, na mahali pa nyama akaweka sukari.

Tuje sasa kwenye chungu chenyewe, na hapa nasema na akina mama, kwani wao ndio wenye ufunguo.

Jambo kubwa kwetu sisi wa Rufiji ni mchele. Katika miaka ya 1890, katika kisiwa cha Java, nchi ya Waislamu wenzetu wa Kishafii, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta sababu ya beriberi, maradhi yanayodhoofisha miguu na moyo. Akaona kuku wake wakilishwa mchele mweupe uliokobolewa hata ukang'aa hulegea miguu, na wakirudishiwa mchele wenye ngozi yake hupona. Mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel kwa jambo hilo, kwani kilichokuwa kikipotea katika pumba ni vitamini, tunayoiita leo B1. Nasi tufanyaje? Twapeleka mpunga mashineni, twamwambia kijana wa mashine aupige mara mbili uwe mweupe kwa ajili ya wageni, kisha zile pumba twawapa kuku. Kuku wanakula kilicho bora, na sisi twala kilichobaki. Simtaki mtu awarudishe wake zetu katika kinu tangu alfajiri. Waliotwanga wanaijua taabu yake. Lakini yatosha kumwambia kijana wa mashine aukoboe mara moja. Na mahindi yasagwe dona. Wali wa namna hiyo hushibisha mapema, na sukari yake huingia damuni polepole. Hata hivyo mwenye maradhi ya sukari asidhani kuwa ameruhusiwa mlima.

Mlima huo ndio taabu ya sinia. Hospitalini walituambia nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine, robo iwe wali au ugali, na robo iwe kunde, maharage au samaki. Maneno mazuri, lakini sisi twala sinia moja watu watano, na kula pamoja kuna baraka yake, wala mtu haioni nusu yake ni ipi. Tena lugha yetu yatudanganya: twasema, "Leo mboga ni nyama," na kesho, "Mboga ni dagaa," mpaka tumesahau kuwa mboga ni majani. Nyumbani kwangu tumefanya hivi: wali waja kidogo katikati, na bakuli mbili kubwa, moja ya majani na moja ya kunde au choroko, huwekwa kwanza, na watu huanza kwa hizo. Mgonjwa hupakuliwa sahani yake, akaketi pale pale mkekani pamoja na wenziwe. Mwanzoni watoto walinung'unika. Sasa hawanung'uniki, au pengine hunung'unika nisiposikia.

Kisamvu ni hazina yetu, na kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana bila ya kufunikwa mwanzoni, kwani majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kwa moto. Mchicha na matembele, kinyume chake, yasichemshwe mpaka yakafa na maji yake yakamwagwa. Magadi katika mlenda yapunguzwe au yaachwe: huua vitamini, na ndani yake mna ile sodiamu iliyomo katika chumvi, adui wa mwenye presha. Kwa ajili hiyo hiyo ng'onda, tunayoipenda sote, iloweshwe na maji yake yamwagwe, au mwenye presha aiache akale samaki mbichi. Tui zito lina mafuta mazito yanayofanana na ya nyama. Basi tumieni tui la pili, na la kwanza liwe la siku maalumu. Kamueni ndimu juu ya mboga, kwani husaidia madini ya chuma kuingia mwilini, na chai isinywewe pamoja na chakula, maana huyazuia. Kwa jumla, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai.

Na sukari ya chai? Juu ya hiyo nina aibu kuandika, kwani mimi mwenyewe nilikuwa na vijiko vitatu. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea.

Wengine watauliza: mboga tutazipata wapi? Swali la haki. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipochukua mashamba ya Rufiji na Kibiti, bustani zilikwenda na maji, na fungu la mchicha likawa kitu cha kutafutwa. Ninachoweza kusema ni kidogo. Chuoni kwetu maji ya kutawadhia watoto yalikuwa yakitiririka bure na kufanya tope. Tukachimba mfereji mdogo, tukapanda matembele, mipapai miwili na bamia. Leo matembele yale yanatosha nyumba tatu, wala hatuyamwagilii ila kwa udhu.

Sasa niseme kwa ukali kidogo juu ya mambo ambayo hayataki mchezo. La kwanza ni vidonge: asiache mtu vidonge vya sukari au vya presha kwa sababu amebadili chakula. Lakini pia asibadili chakula kwa ghafula bila ya kumwambia daktari, kwani sukari yaweza kushuka mno akazimia, na dawa yataka kupimwa upya. Na katika Ramadhani hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mwenye maradhi ya figo aulize kabla ya kula majani kwa wingi. Na wale wauzao chupa barabarani, wakisema yaponya sukari, presha, na nguvu za kiume kwa pamoja, waambieni wazinywe wenyewe.

Jambo jingine ni watoto, wenye mimba na wanyonyeshao. Hao msiwafungishe saumu ya mgonjwa. Katika mimea hamna vitamini B12, ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake, na mtu aachaye nyama, samaki, mayai na maziwa yote pamoja hana budi kuipata kwa vidonge vya vitamini. Mtoto anayekua ahitaji dagaa, yai na maziwa. Sisi watu wa delta tumepewa samaki mlangoni. Mwenye presha na mwenye sukari naye aweza kumla, wa kuchemsha au wa kuchoma. Kilichosemwa kipunguzwe ni nyama nyekundu na hasa nyama za viwandani, kama soseji, ambazo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, waliziweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu wakaiweka katika vile vinavyodhaniwa sana.

Limebaki swali la bibi mmoja wa Nyamisati, aliyelileta kwa mdomo wa mwanawe. Mumewe amekatazwa nyama. Je, udhiya wake wa Idi utasihi naye hatakula? Jawabu: utasihi. Udhiya ni ibada ya kuchinja, na katika madhehebu yetu lililo lazima ni kuwa sehemu ya nyama itolewe mbichi kwa maskini. Kula mwenyewe ni sunna, na kidogo chatosha. Na ikiwa ni udhiya wa nadhiri, basi mwenyewe hali kabisa, hata angekuwa mzima. Aweza pia kumpa mtu uwakala wa kuchinja, akiwa hawezi kusimama.

Ndugu yetu mwenye mguu alifanya hivyo. Siku ya pili ya Idi, Mfunguo Tatu, aliketi kitini uwanjani, mguu umefungwa bandeji, mwanawe akachinja mbuzi mbele yake. Vidonge alikuwa amekwisha kuvimeza asubuhi, mkewe akishuhudia. Akala kipande cha ini, ukubwa wa kidole gumba, kisha akaletewa bakuli lake la kunde na matembele, na binti yake akapewa sahani ya nyama na kuambiwa aimalize. Iliyobaki wakaigawa mtaani, na fungu moja wakaniletea mimi.